Kopo Lenye Picha ya Gari

“Zima moteri! Weye wa pale, zima moteri!”

Sauti ya Kasoki ilipanda juu ya kelele zote za bandari ya Kituku, Goma, na siku ya soko Kituku haina kelele haba. Wapagazi walikuwa wanagombania magunia, akina mama wauza samaki wa sambaza wanaitana kutoka boti moja hadi nyingine, na muuza vocha mmoja alikuwa anatangaza bei zake kwa kipaza sauti kilichokwaruza masikio. Boti nyeupe ya faiba iliyokuwa inatoka Minova haikuzima chochote. Ilikuja na mbwembwe zake, pua juu, povu nyuma, ikapanda kwenye mawe meusi ya volkano, na tumbo lake likatoa mlio ambao Kasoki aliuchukia kuliko mlio mwingine wowote duniani. Kruuuu!

Kasoki aliweka chini kopo la rezini ya kuzibia boti alilokuwa amebeba, akakaza kitenge juu ya suruali yake ya kazi, akaingia majini mpaka magotini. Wala hakukunja suruali.

Nahodha alikuwa kijana mrefu aliyevaa jile la kuokolea la rangi ya chungwa, limeachwa wazi kifuani makusudi, miwani myeusi na kofia iliyogeuzwa nyuma. Alikuwa anawashika akina mama mikono ili washuke, huyu anamtania, yule anamsifia kitambaa. Mtu aliyejipenda, kwa kifupi.

“Boti ni ya nani?” Kasoki aliuliza.

“Iko yangu, mama.”

“Usiniite mama, sikukuzala. Ningekuzala, ningekuchapa hapa hapa mbele ya batu. Unasikia vile boti inalia? Kila siku unapandisha tumbo yake juu ya mawe. Unangoja nini? Ipasuke katikati ya ziwa?”

Kijana alivua miwani. “Na weye ni nani? Polisi ya maji?”

“Miye njo ninazitengenezaka, nyinyi mukisha kuziua.”

Mama Donatille, muuza maharage wa Minova, alikuwa bado amekaa botini na magunia yake. Alicheka mpaka akashika mbavu. “Lionel, leo umepata mwenye kukuweza!”

Kasoki hakuwa na wakati wa kucheka. Aliinama, akapitisha mkono chini ya pua ya boti, ndani ya maji. Vidole vyake viliingia kwenye kovu refu, na ndani ya kovu akagusa nyuzi za faiba zimesimama wazi kama manyoya. Akakunja uso. Maji yakishaingia kwenye nyuzi hizo hayatoki, yanakula boti kutoka ndani huku rangi ya nje inang'aa. Watu wanapanda, wanalipa, wanaimba, na hawajui wamekalia nini. Jambo hilo lilimkasirisha kila siku ya maisha yake, na asubuhi hiyo lilikuwa na sura ya mtu.

Lionel naye alikuwa anamtazama. Aliona mwanamke mfupi mwenye kitambaa cha njano kichwani, hereni ndogo za dhahabu, na rezini iliyokauka kwenye kucha. Aliacha kutabasamu kwa kujionyesha, akatabasamu vizuri.

“Atelier yako iko fasi gani?”

“Keshero, kwa Muzee Josias. Ni papa yangu.”

“Mutoto ya Muzee Josias! Basi nitaileta kesho.”

“Ilete leo. Kesho utaleta maiti.”

Aliileta karakanani siku hiyo hiyo.

Hivyo ndivyo walivyoanza, kwa matusi. Kasoki alisugua lile kovu na msasa mpaka kingo zake zikawa mteremko laini, akapangusa kwa asetoni, akakata vipande vya faiba, kidogo kwanza, kikubwa juu yake, kikubwa zaidi mwisho, akavilowesha rezini na kuvikandamiza mpaka kila kipovu cha hewa kikatoka. Lionel alikaa juu ya jiwe akitazama, akiuliza maswali yasiyo na maana ili tu ajibiwe. Boti ilipopona, yeye aliendelea kuja. Jioni alipokuwa Minova alipiga simu.

“Bebe, unafanya nini?”

“Niko na rezine kwa mikono. Nikisha kuitia dawa haingojake mutu. Nipigie nyuma, nikimaliza.”

“Kila siku rezine, rezine. Hiyo rezine njo bwana yako?”

“Yeye hata hanipigiake makelele kwa masikio.”

“Mon cœur, siku moja nitajimwangia hiyo kitu kichwani, njo utanishika na mikono mbili.”

Kasoki alikata simu, akacheka peke yake na brashi mkononi. Alimpenda. Hakuona sababu ya kuficha. Aliwaambia hata majirani kwamba yule mwenye jile la chungwa ni wake, na mwenye macho ayaelekeze kwingine.

Nyanya yake alipofariki, Kasoki alikwenda Butembo kwenye matanga, na siku hizi kwenda Butembo ni kuzunguka kupitia Uganda, kulala njiani na kujibu maswali ya kila mwenye sare. Alikaa huko muda mrefu kuliko alivyotaka. Jioni moja Lionel alimpigia.

“Chérie, nimetoa kile chuma.”

Kasoki alijua chuma gani. Mwenye boti wa zamani alikuwa amefunga ukanda wa chuma chini ya tumbo, eti uikinge na mawe, akaukaza kwa skrubu kutoka mbele mpaka nyuma. Ujinga mtupu. Kila skrubu ni mlango wa maji.

“Umefanya vizuri. Na matundu ya vis?”

“Yamezibwa. Na rangi juu. Iko muzuri.”

“Yamezibwa na nani?”

“Fundi. Fundi muzuri. Bebe, unakula vizuri huko? Sauti yako imekonda.”

Kasoki alikuwa amechoka kwa kulia, akaacha maneno yapite. Waliongea mambo ya Jumamosi ile kubwa, siku ambayo tantine Bénita, shangazi mkubwa wa Lionel, angeshuka kutoka Masisi na wakubwa wa familia kuja kumwomba rasmi kwa Muzee Josias. Kitenge kilikuwa kwa mshonaji tayari, cha kijani chenye maua meupe, mabega ya kupanda.

Alirudi Goma wiki ile ile ya Jumamosi. Hakuwa amemaliza kufungua begi Mama Donatille alipoingia uani, sketi imeloa mpaka kiunoni, viatu mkononi.

“Kasoki! Yule bwana yako anataka kutuua!”

“Nini tena, Mama Donatille?”

“Maji! Maji ndani ya boti! Tulikuwa tumebakiza kidogo kufika Kituku, naona miguu yangu inaloa. Nikasema pengine ni mutoto amekojoa. Nikaangalia, ziwa iko ndani! Tumechota na basini, tumechota na sufuria, tumechota na viatu! Maharage yangu yote imevimba. Nikufe juu ya maharage, Kasoki?”

Lionel aliingia nyuma yake na vijana wa bandarini wakiikokota boti juu ya magogo. Hakuwa na miwani wala jile. “Nimeikimbiza pwani palepale,” alisema. “Hakuna mutu ameumia. Iangalie, tafazali.”

Kasoki hakumsalimia. Alichukua mashine ya kusugulia, akalala chali chini ya boti, akaanza kukwangua rangi mpya. Vumbi lilimwangukia usoni. Lilikuwa vumbi la waridi, laini kama chaki, nalo lilikuwa limelowa. Alizima mashine. Alichukua msumari, akachoma kwenye tundu la kwanza. Msumari uliingia bila kazi. Akachoma la pili, la tatu, akaendelea mpaka nyuma, na kila tundu lilitema uji wa waridi.

Mastiki ya magari. Ile wanayopaka wapiga bodi wa barabarani kwenye milango iliyobonyea. Kwenye gari ni nzuri. Ndani ya maji inakunywa, inavimba, inalainika, inatoka. Mtu yeyote aliyewahi kukaa wiki moja kwenye atelier ya Keshero anajua hilo.

Kasoki alitoka chini ya boti, uso wote waridi.

“Nani amefanya hii?”

Lionel alitazama chini. Kisha alitazama mlango wa nyumba. Muzee Josias alikuwa amesimama hapo na fimbo yake na redio yake ndogo.

“Nakuuliza, Lionel. Nani?”

“Fundi.”

“Fundi gani? Wa gari? Umeniona nimeenda kuzika nyanya yangu, ukasema acha nimupe mutu wa njiani, huyu mwanamuke hatajua?”

“Si vile.”

“Ni vile namna gani? Sema!”

Majirani walikuwa wameshaanza kujaa kwenye ukuta wa mawe, shingo ndefu. Lionel alifungua mdomo, akautazama tena ule mlango. Muzee aligeuka, akaingia ndani, na redio ikaongezwa sauti.

“Sina cha kusema,” Lionel alisema.

“Huna? Batu banachota maji na viatu, na weye huna cha kusema? Mimi nilikuambia siku ya kwanza, mbele ya Kituku yote, usiue batu. Ukacheka na meno yako. Nilifikiri umesikia!” Sauti yake ilipasuka, na hilo lilimkasirisha zaidi. “Waambie bakubwa bako Jumamosi basikuje. Siwezi kuolewa na mutu anapaka rangi juu ya kifo. Toka ndani ya parcelle yetu.”

Lionel alitoka uani. Hakujitetea hata kwa neno moja, na Kasoki aliliona hilo kuwa ushahidi.

Kesho yake alifanya kazi peke yake, na kwa hasira hiyo angeweza kusaga boti nzima. Alitoboa uji wote wa waridi na keekee, akapuliza, akapangusa kwa asetoni. Kila tundu alilisindikiza na tusi, na tusi moja halikurudiwa mara mbili. Mshonaji alipiga simu kusema nguo imekwisha. Kasoki akamwambia aivae mwenyewe.

Alipofika katikati ya tumbo la boti, mkono wake ulisimama.

Alirudisha kidole kwenye tundu alilolimaliza. Akalizungusha. Tundu halikuwa limenyooka kama lilivyoachwa na skrubu. Lilikuwa limepanuliwa kwa nje kama bakuli dogo, kingo zake laini, mteremko sawa pande zote, ili kinachojazwa kishike na kisichomoke. Akagusa lililofuata. Bakuli. Na lililofuata. Bakuli, bakuli, mpaka nyuma.

Mpiga bodi wa barabarani hafanyi hivyo. Mpiga bodi anabandika, anapitisha msasa, anasema tayari. Mtu aliyechonga bakuli hizi alikuwa na subira na mkono, na Kasoki alimjua mtu mmoja tu katika Goma nzima mwenye mkono huo, kwa sababu ndiye aliyemshika yeye vidole akiwa mtoto na kumfundisha.

Alikaa chini kwenye vumbi.

Muzee Josias alikuwa nyuma ya nyumba, karibu na rafu ya vifaa.

“Papa, nipatie mastiki ya boti.”

“Ile ya boti?”

“Ndiyo, papa.”

Mkono wa muzee ulipanda kwenye rafu. Ulipita juu ya chupa ya asetoni, ukaitambua, ukaiacha. Ulipita juu ya brashi. Makopo mawili yalikuwa yamekaa pamoja, ukubwa mmoja, kifuniko kimoja. Moja lilikuwa na picha ya boti ya buluu. Jingine lilikuwa na picha ya gari jekundu, kubwa, hata mtoto angeliona kutoka barabarani. Muzee alichukua lenye gari, akamnyooshea binti yake bila wasiwasi wowote.

“Papa, hii boîte iko na picha gani?”

Vidole vya muzee vilianza kutembea juu ya karatasi ya kopo, vikitafuta.

“Papa. Picha gani?”

“Chukua unachotaka, ufanye kazi!” muzee alifoka. “Picha, picha! Nilikuwa natengeneza boti mbele hujazaliwa!”

“Tangu lini hauone?”

“Nani amesema sione?”

“Tangu lini, papa?”

Mzee alishika fimbo kwa mikono miwili. Kasoki aliona kwamba baba yake naye alikuwa na hasira, hasira ya zamani, aliyoifuga peke yake. “Tangu Pasaka ya mwaka jana,” alisema. “Kwanza ukungu. Sasa naona mwanga na vivuli tu. Ningesema, ungenifanya nini? Ungeniweka kwa kiti na redio. ‘Papa, pumzika.’ Ningepumzika mpaka nikufe.”

“Batu bangekufa mbele yako! Mama Donatille angekufa!”

“Sikujua!”

“Na jana, wakati nilikuwa natukana Lionel, haukujua?”

Hapo muzee aligeuza uso. “Jana nilijua,” alisema polepole. “Nilisikia aibu.”

Kasoki alitaka kupiga kelele, akataka pia kumkumbatia, na hakuweza kufanya hata kimoja. “Siku ulipoziba haya matundu, Lionel alikuwa wapi?”

“Kando yangu. Alinishikia boîte.”

“Alikushikia hii boîte?”

“Kwa mikono yake. Na Jumamosi miye njo nitayajaza tena, sitaki kusikia mutu!”

Kasoki alipiga simu. Haikushikwa. Akapiga tena. Ikakatwa. Basi akavaa viatu, akaita pikipiki, akaenda Kituku na vumbi lake la waridi kwenye nyusi.

Lionel alikuwa anapakia mihogo kwenye boti ya mbao ya mtu mwingine, shati limemgandia mgongoni. Nahodha mwenye boti yake, sasa mpagazi.

“Lionel! Weye wa pale!”

Alitua gunia. “Umekuja kumalizia? Batu bote bako hapa. Endelea.”

“Uliona picha ya gari?”

Uso wake ulibadilika. Akasogea karibu, akashusha sauti. “Nani amekuambia?”

“Nimeuliza. Uliona gari nyekundu juu ya boîte, ao hukuona?”

“Niliona.”

“Na ukanyamaza!”

“Ni papa yako, Kasoki! Ni mutu niko naomba anipe binti yake. Kwetu mukwe hamuambie baba-mukwe ‘umekosa’. Hata akupikie chakula bila chumvi, unakula, unasema ni tamu!”

“Chumvi haizamishake batu!”

“Nilifikiri pengine njo ginsi yake ya kufanya! Yeye njo fundi. Mimi ni nani, nimufundishe kazi?” Alipangusa jasho kwa kiganja. “Kisha nikaona vile anatafuta kifuniko na vidole. Nikaelewa. Nikasema nitamwambia muzee kesho. Kesho nikasema kesho. Siku maji iliingia, nilijua ni wapi inatokea. Nikaileta kwako. Nilijua utaona.”

“Na nilipokutukana?”

“Ningesema nini? ‘Si miye, ni papa yako, hana macho’? Mbele ya majirani bote? Angepata tena kazi kwa nani?” Sasa naye alikuwa amewaka, mishipa ya shingo imesimama. “Umeniita muuaji. Hukuniuliza kama batu banauliza. Ulipiga kelele, ukangoja nijibu kelele. Miye pia niko na moyo, Kasoki. Siko jiwe ya Kituku.”

Kasoki alimkasirikia kwa sababu Lionel alikosa, akamkasirikia zaidi kwa sababu alikosa kwa wema. Alitamani amshike shati, na hakujua kama ni kumtikisa au kumvutia kwake.

“Nilikosa kukutukana mbele ya batu,” alisema. “Mbele ya batu nasema nilikosa.”

Wapagazi walikuwa wameacha kupakia. Mmoja alipiga mluzi.

“Nyamazeni, nyinyi!” Kasoki aliwageukia, kisha akamrudia Lionel. “Lakini sikia vizuri. Heshima yako imejaza boti maji. Miye siwezi kuishi na mutu anaona kitu kibaya, ananyamaza, anatabasamu. Leo ni picha ya gari. Kesho ni nini? Mutoto ataungua na homa, na weye utaogopa kuambia mama yangu mukubwa dawa yake ni ya bule?”

“Unataka nifanye nini?”

“Jumamosi asubuhi nachanganya rezine. Papa amesema yeye njo atajaza matundu, hataki kusikia mutu. Ukuje. Akikosa boîte, weye njo utamuambia. Si miye. Kwa mudomo yako, kwa macho yake.”

“Hana macho.”

“Kwa masikio yake, basi! Na usinichekeshe, niko na kasirani.”

Jumamosi alikuja. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi, lile alilolinunua kwa ajili ya siku hiyo hiyo, ila bila tantine Bénita na bila wakubwa. Kasoki alikuwa na suruali yake ya kazi na kitambaa cha njano. Hawakusalimiana sana.

Muzee Josias alikuwa amekaa kwenye kigoda chini ya tumbo la boti. Tangu siku ile hakuwa amesema na binti yake zaidi ya maneno ya lazima. Nyundo, maji, asante. Kasoki alipima rezini, akatia dawa ya kugandisha, akaanza kukoroga. Makopo mawili yalikuwa kwenye ubao mbele ya muzee. Kasoki ndiye aliyeyapanga.

“Nitaanza na mastiki,” muzee alisema.

Mkono ulinyooka. Ulisita juu ya makopo, ukashuka, ukachukua lenye gari jekundu.

Kasoki aliuma mdomo. Alikoroga. Lionel alikuwa amesimama hatua moja tu kutoka kwa mzee, na jasho lilikuwa limetoka kwenye paji la uso asubuhi ile ya baridi. Muzee alifungua kifuniko. Akachovya mwiko.

“Muzee,” Lionel alisema.

“Nini?”

“Muzee, samahani. Hiyo ni mastiki ya magari.”

Mwiko ulisimama hewani.

“Unasema nini?”

“Nasema hiyo boîte iko na gari juu. Ile siku niliiona na nikanyamaza, na batu bakachota maji na viatu. Leo sinyamaze. Hiyo si yenyewe, muzee. Umekosa.”

Muzee Josias aliinuka. Alilirusha kopo kwa nguvu ambazo hakuna aliyejua bado anazo, likagonga ukuta wa mawe ya volkano, likabaki limebonyea, mastiki ya waridi inachuruzika. “Ndani ya parcelle yangu!” alinguruma. “Mutoto wa watu ananiambia nimekosa ndani ya parcelle yangu!”

Lionel hakurudi nyuma. Kasoki alimpenda wakati ule kwa hasira iliyomfanya asahau kukoroga.

Muzee alipumua. Alipumua tena. Kifua kilishuka polepole.

“Ungesema ile siku,” alisema hatimaye, “ningekufukuza na fimbo.”

“Najua, muzee.”

“Na maharage ya yule mama ingekuwa mukavu.”

“Najua.”

Mzee alijikalisha tena kwenye kigoda, kwa uzito. “Kumbe uko na mudomo,” alisema. “Nilifikiri binti yangu anapenda bubu. Nipatie ile ingine. Na ukae hapa karibu, uniambie rangi.”

“Mutalia kisha!” Kasoki alipiga kelele, kwa sababu bakuli la rezini lilikuwa limeanza kumchoma viganja. “Rezine imepata moto! Haingoje mutu!”

Wakafanya kazi wote watatu, bila nafasi ya kutazamana. Kidole gumba cha muzee kilitafuta kila tundu, kikalipata, kikajaza bakuli lile dogo sawasawa na kulisawazisha kwa mpapaso mmoja, na Lionel akashika kopo na kusema, “Bado kidogo kulia, muzee. Hapo. Imejaa.” Kasoki alifuata nyuma na vipande vya faiba, akilowesha, akikandamiza, akitoa hewa, Lionel akimshikia kwa mikono mitupu. Shati jeupe lilipata tone la kwanza begani, kisha mkono mzima, kisha hakuna aliyehesabu.

Walipofika nyuma kabisa, muzee alipangusa vidole kwa kitambaa.

“Bakubwa bako bako wapi? Si leo njo Jumamosi?”

“Kasoki alisema basikuje.”

“Kasoki njo mwenye parcelle? Bapigie simu.”

Lionel alitazama mikono yake. Ilikuwa imefunikwa na rezini mpaka kwenye viwiko, vidole vimeanza kushikana. “Simu iko ndani ya mufuko ya shati,” alisema, akimtazama Kasoki kwa mara ya kwanza asubuhi ile. “Siwezi kuigusa.”

Kasoki alivua glavu moja. Alimkaribia, akatumbukiza vidole viwili kwenye mfuko wa lile shati lililoharibika, karibu na moyo uliokuwa unapiga mbio, akaitoa simu. Hakuna msichana Goma nzima anayewapigia simu wakubwa wa mchumba wake kuwaita waje kumwomba. Alipiga.

“Allô, tantine Bénita? Ni Kasoki. Ndiyo, yeye iko hapa. Hapana, tantine, sijapoa. Bado niko na kasirani na yeye, na kasirani na papa, hata na miye mwenyewe.” Aliinua macho, akamwona Lionel amesimama mikono hewani, hawezi kugusa chochote, anangoja. “Mukuje tu.”